Boga, Tikiti na Mfuko Wetu wa Mbegu

Maelezo yaliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa wanaumoja waishio Dar es Salaam



Najua wengi mlipoona jina langu kwenye ratiba mlitegemea nisome mapato na matumizi. Hesabu ziko kurasa za nyuma za kijarida hiki, zimekaguliwa, na aliye na swali atanipata wakati wa chakula. Kamati imenipa kazi nyingine. Imenitaka nieleze kwa nini mwaka huu tunawaomba mchangie bustani ya mbegu za maboga, mamumunye na matikiti, na kwa nini kazi hiyo kapewa mhasibu badala ya bwana shamba. Jibu la swali la pili ni fupi: bwana shamba alishakubali zamani. Waliokuwa wanapinga ni watu wa fedha, nami nikiwa mmoja wao.

Mnakumbuka mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama akatoa hoja iliyochekesha ukumbi. Alisema hivi: boga la kwetu linavumilia jua, linazaa hata mvua ikikata Februari, lakini bei yake ni ndogo. Tikiti lina bei nzuri Lamadi na Mwanza, lakini ni deko. Jua kidogo limenyauka, ugonjwa kidogo limeoza. Kwa nini wasomi wetu wasilioze boga kwa tikiti, tupate mtoto mwenye mwili wa mama na utamu wa baba? Watu walicheka, na mzee akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliondoka na swali lile, nikalipeleka kwa watu wanaofanya kazi ya kuzalisha mbegu, nikasoma na mimi kwa upande wangu. Leo nalijibu mbele yake, kwa sababu yupo hapa.

Mzee wangu, ndoa ile haiwezekani. Boga na tikiti ni wa ukoo mmoja mkubwa, ukoo wa mimea inayotambaa, pamoja na tango, meloni, mung'unya, kibuyu na hata dodoki. Lakini ndani ya ukoo huo wametengana mbali sana. Chembe za boga zina kromosomu 40, za tikiti 22, za meloni 24, za tango 14. Ukipaka chavua ya boga kwenye ua la tikiti, ua halipati mimba, au tunda changa linadondoka. Na msidhani ni suala la idadi peke yake: kibuyu nacho kina 22 kama tikiti, lakini hao wawili pia hawazai pamoja.

Hapo kuna imani moja ya kuiondoa, kwa sababu imegombanisha majirani. Mtu akikata tikiti akalikuta halina ladha, husema jirani alipanda maboga karibu na ukuta. Si kweli. Nyama ya tunda ni mali ya mmea mama. Chavua iliyoletwa na nyuki inaonekana kwenye mbegu, yaani kwenye mazao ya msimu ujao, na tena kama ni chavua ya jamii inayoingiliana. Tikiti lisilo na ladha mara nyingi limechumwa changa, limenyweshwa maji mengi mwishoni, au limetokana na mbegu mbovu. Hilo la mbegu mbovu nitalirudia.

Sasa ndoa zinazowezekana. Tunaposema "boga" kwa Kiswahili tunataja angalau jamii mbili tofauti, na zote mbili tunazo nyumbani. Ukitaka kuzitofautisha usiangalie rangi wala ukubwa, angalia kikonyo. Kuna boga ambalo kikonyo chake ni kigumu, kina pembe tano, na kinapofika kwenye tunda kinatanuka kama mguu wa kuku. Hilo ni jamii ya moskata. Na kuna boga ambalo kikonyo chake ni cha mviringo, kinene, chepesi kama gome la kizibo. Hilo ni jamii ya maksima. Asili yao wote ni Amerika. Walifika Afrika kwa majahazi ya Wareno na wafanyabiashara waliowafuata, wakazoea ardhi yetu hadi leo tunawaita wa kienyeji. Kwa ujumla moskata anavumilia joto na wadudu kuliko mwenzake. Maksima ana nyama nzito, kavu, ile ambayo ukiipika haiachi maji kwenye sufuria.

Hawa wawili wanaoana, ingawa si kila jozi inakubali. Wajapani walifanya hivyo wakapata boga linaloitwa Tetsukabuto, maana yake kofia ya chuma, kwa ugumu wa ganda lake. Lina nguvu kuliko wazazi wote wawili. Lakini lina kasoro moja: maua yake dume hayana chavua ya kufaa, kwa hiyo lazima upande boga jingine pembeni la kulichavusha, na mbegu zake huwezi kuzitunza ukategemea lile lile. Wenye punda na nyumbu mtanielewa haraka.

Na mzee wangu, nusu ya ndoto yako imeshatimizwa kwa njia nyingine, nayo ni kubebesha, kama wanavyobebesha miembe na michungwa. Wajapani walianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchukua mche mchanga wa tikiti, kuukata, na kuubebesha juu ya shina la kibuyu. Mizizi ikawa ya kibuyu, tunda likawa la tikiti. Sababu yao ilikuwa ugonjwa wa mnyauko unaokaa kwenye udongo na kuua matikiti shamba likirudiwa. Kibuyu hakiugui mnyauko ule. Baadaye wakaanza kutumia pia machotara ya maboga ya maksima na moskata kama mashina. Leo Japani na Korea sehemu kubwa sana ya matikiti yao inakua juu ya mizizi ya kibuyu au ya boga. Kibuyu, ndugu zangu! Kile tunachokunywea maziwa, ambacho asili yake ni bara hili hili. Mwili wa mama na utamu wa baba ndio huo. Tofauti ni kwamba hawakuzaa, wamekaa nyumba moja tu.

Kwa nini hili linatuhusu? Kwa sababu vikundi vyetu vinavyolima matikiti kando ya mto na kandokando ya ziwa kule Busega vinalalamika jambo hilo hilo: mwaka wa kwanza safi, wa pili wastani, wa tatu mimea inanyauka saa sita mchana na hairudi jioni. Wanahama kipande. Lakini vipande vyenye maji havizaliani.

Wanaodhani kuzalisha mbegu ni mambo ya Wazungu na Wajapani naomba wakumbuke pamba. Kila mtu hapa amesomeshwa na pamba, kwa njia moja au nyingine. Mbegu za UK82, UK91 na UKM08 zilitoka Ukiriguru, pale Misungwi, kwa watu waliokuwa wakioanisha pamba kwa mkono, ua kwa ua, mwaka hadi mwaka, wakitafuta mmea unaostahimili magonjwa na wadudu na kutoa nyuzi nzuri. Bila kazi ile ya subira, nadhani wengi wetu tusingekuwa na ada ya shule ya kuzungumzia leo. Kwa boga hatujafanya hata robo ya hapo, kwa sababu boga halikuwahi kuwa na chama cha ushirika wala mnada. Ni zao la akina mama, linakaa katikati ya mahindi na mtama, na lisilo na mnada haliingii kwenye takwimu.

Wenzetu wa nje lakini wameliona. Mwaka 1911 idara ya kilimo ya Marekani ilitoa tikiti liitwalo Conqueror, kazi ya mtaalamu W. A. Orton. Alioanisha tikiti la kula na tikiti gumu, lisilo tamu, lenye asili ya kusini mwa Afrika, akapata tikiti linalostahimili mnyauko. Halikushika soko, lakini lilifungua njia. Miaka mingi baadaye, virusi vya batobato vilipokuwa vikimaliza maboga madogo huko kwao, kinga waliipata kwenye boga la moskata la mkulima wa Nigeria. Kwenye vitabu vyao limeandikwa "Nigerian Local" tu. Mama aliyelitunza hajaandikwa popote. Kinga ile ikahamishwa kwa taabu kubwa kwenda kwenye jamii nyingine ya boga, ile wanayouza kwenye masoko yao makubwa. Na mwaka 2021 wanasayansi waliopima nasaba za matikiti walitangaza kwamba ndugu wa karibu kabisa wa tikiti la kula ni tikiti jeupe la Kordofan, Sudan.

Nawaambia haya kwa sababu moja ya kihasibu. Mali isiyoandikwa kwenye daftari haina mlinzi. Kwenye vijiji vyetu kuna maboga ambayo hayana jina la dukani. Liko la ganda la kijivu linalokaa juu ya dari miezi bila kuoza. Liko lenye majani laini yanayopendwa kwa mboga, ukiyaunga na karanga husahau nyama. Yapo mamumunye, na vibuyu vya maumbo ambayo vijana wetu hapa mjini hawajui hata vilitumika kwa kazi gani. Mbegu zake ziko kwenye majivu, kwenye moshi juu ya jiko, kwenye kibuyu cha bibi fulani. Bibi akifariki, watu wanagawana ng'ombe na kitanda. Mbegu inafagiliwa. Katika ziara ya kamati mwezi Agosti tuliuliza kaya kwa kaya katika vijiji vitatu, na mara kadhaa tulijibiwa: "Lile lilikuwepo, alikuwa nalo mama." Hatukuandika takwimu, na sitazitunga hapa. Nasema tu tulichosikia.

Twende kwenye fedha. Kwa miaka miwili iliyopita umoja wetu umekuwa ukinunulia vikundi 12 vya akina mama mbegu chotara za tikiti na boga. Kila kikundi shilingi 400,000, jumla milioni 4.8 kwa mwaka. Chotara ni nzuri. Mazao yake yanalingana, yanakomaa pamoja, dalali anayapenda. Lakini mbegu ukizitoa kwenye tunda la chotara na kuzipanda, watoto wanatawanyika: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja mtamu, mmoja wa kulishia ng'ombe. Hakuna aliyekuroga, ndivyo chotara alivyo. Kwa hiyo kila msimu ni lazima kununua tena. Kihasibu hayo ni matumizi, si mtaji. Msimu mmoja tuliuziwa na muuzaji mmoja, ambaye simtaji, makopo ambayo mbegu zake nyingi hazikuota kabisa. Tulidai, tukachoka.

Pendekezo la kamati ni bustani ya ekari moja nje kidogo ya mji wa Bariadi, yenye sehemu ya luseni na sehemu ya mbuga, ili tupime mbegu kwenye udongo wa aina zote mbili. Gharama kwa miaka mitatu ni milioni 18: uzio, kisima na tangi milioni 7.2, mipira ya matone na vifaa milioni 2.4, posho ya mtunza bustani 200,000 kwa mwezi kwa miezi 36, ambayo ni milioni 7.2; na safari, vipimo na mafunzo milioni 1.2.

Nitasema ukweli ambao wajumbe wenzangu walitaka niupitie haraka. Kwa hesabu ya fedha tupu mradi huu hauvutii. Wanaolima tikiti kwa soko la Mwanza wataendelea kununua chotara hata bustani ikistawi. Tukijitahidi sana tutaokoa nusu ya fedha za mbegu, yaani milioni 2.4 kwa mwaka, na kwa mwendo huo milioni 18 zitarudi baada ya miaka saba na nusu. Benki isingetukopesha. Ndiyo maana tunawaomba ninyi na hatukwenda benki. Mnachokinunua si nafuu ya bei. Mnanunua muda, kabla bibi mwingine hajaondoka na kibuyu chake.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Ya kwanza ni kukusanya na kusafisha. Boga lina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Jike unalijua kwa kaboga kadogo chini yake. Jioni unatafuta ua jike litakalofunguka kesho, lenye njano inayochungulia kwenye ncha, unalifunga kwa uzi. Unafunga na ua dume. Alfajiri, kabla nyuki hawajachangamka, unachuma dume, unatoa petali zake, unafungua jike, unapaka chavua taratibu, unalifunga tena, unatundika kibandiko chenye tarehe na jina. Ukitaka kutunza mbegu ile ile, dume na jike watoke boga la aina moja. Ukitaka kuoanisha, watoke aina mbili. Asubuhi ikishakuwa na jua kali maua yamefumba na kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la saba anaiweza, na akina mama wa kikundi kimoja cha Dutwa waliofundishwa waliielewa kwa siku moja. Bila kufunga ua ungehitaji kutenga mashamba kwa kilomita nzima hivi ili nyuki wasichanganye, na kwenye vijiji vyetu kilomita hiyo hatuna.

Hesabu yake inafurahisha. Ukipanda maboga kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, ekari ina mashimo kama 1,000. Mbegu mbili kila shimo ni mbegu 2,000. Boga moja zuri likitoa mbegu 250, maboga manane yanatosha ekari nzima. Maua 40 yaliyopakwa chavua kwa mkono, yakishika nusu tu, ni mbegu za ekari mbili na nusu. Kazi ya asubuhi chache.

Kupata aina mpya kabisa ni jambo jingine. Baada ya kuoanisha, kizazi cha pili kinatawanyika kama nilivyosema, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza: vizazi sita au saba vya kuchagua na kujichavusha wenyewe mpaka watoto wafanane. Kwa kumwagilia tunaweza kupata misimu miwili kwa mwaka. Kwa hiyo asiwepo wa kuwaahidi "Boga Simiyu" ndani ya miaka mitatu. Katika miaka mitatu tutakuwa na mbegu za kienyeji zilizo safi, zenye majina, na machotara ya majaribio katikati ya safari. Pia tutakuwa tumejaribu kubebesha tikiti juu ya kibuyu chetu, jambo ambalo matokeo yake yanaonekana ndani ya msimu mmoja.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya afya, na naomba akina mama waichukue nyumbani. Boga au mung'unya likiwa chungu, usile, usimpe mtoto, usione haya kulitupa. Uchungu ule ni sumu ya asili ambayo wakulima wa kale waliiondoa kwa kuchagua, nayo hurudi mbegu zikichanganyika ovyo na mamumunye ya porini au maboga ya mapambo. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula maboga madogo machungu yaliyolimwa nyumbani. Bustani yetu itaonja kipande kidogo kibichi cha kila tunda la mbegu na kutema; likiwa chungu, mmea mzima unang'olewa.

Ya pili ni ya sheria. Kubadilishana mbegu jirani kwa jirani ni desturi yetu. Kuuza mbegu ni biashara inayosimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, chini ya TOSCI. Mkulima mdogo anaweza kusajiliwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, akakaguliwa, akauza ndani ya eneo alilopewa. Hatutauza hata kijiko kabla ya usajili huo. Na nakala ya kila mbegu tutakayokusanya tutaomba ihifadhiwe Arusha, kwenye benki ya taifa ya nasaba za mimea, ili panya wakitushinda Bariadi pawe na pa kurudia. Arusha pia kipo Kituo cha Mboga Duniani, ambacho kimefanya kazi na mboga za asili za Afrika tangu miaka ya 1990. Kamati inapendekeza mtunza bustani wetu aombewe mafunzo kwao.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijarida hiki. Kuna ahadi ya mara moja na ya kila mwezi. Shilingi 200,000 ni mshahara wa bustani kwa mwezi mmoja, na wanaoweza kuchukua mwezi mmoja waandike ni mwezi gani, tuwapange. Risiti mtapata siku hiyo hiyo. Kila baada ya miezi sita nitawaletea matumizi pamoja na orodha ya mbegu, na mbegu iliyopotea nitaiandika kama ninavyoandika fedha iliyopotea.

Asiye na fedha ana kazi pia. Desemba wengi mnakwenda nyumbani. Waulizeni mama zenu na shangazi zenu. Mkipata boga la zamani, kateni, mtoe mbegu zilizokomaa, mzioshe, mzianike kivulini mpaka zikauke vizuri, mziweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni. Juu ya bahasha mwandike jina la boga kwa Kisukuma kama linavyotamkwa, jina la kijiji, na jina la mama aliyewapa. Bahasha zipokelewe na katibu wetu wa tawi la Bariadi kabla ya tarehe 15 Januari.